Pauni 2,000 za Kuchechemea

Watu wazima wanne, wenye kazi zao, madeni yao na magoti yao, wanapokata tiketi za ndege kwenda London kukimbia kilomita 42.195 ili wagonjwa wasiowajua wapate dawa, mama mzazi wa mmoja wao huuliza swali moja tu: "Kwani huku hakuna barabara?" Swali hilo hudharauliwa, nami naliona zito kuliko yote yaliyomo kwenye fomu ya viza. Barabara zipo. Wagonjwa wapo, tena wengi. Wakimbiaji ndio usiseme: Dar es Salaam alfajiri ya Jumamosi huendi mbali kabla hujapishana na klabu ya joging, fulana za rangi moja, wimbo wa mchakamchaka, na gari lenye spika likiwatangulia. Sasa mtu anafuata nini ugenini, na kundi la marafiki, aende akachechemee mbele ya watu wasiomjua? Nadai kwamba kuchechemea ndiyo kazi yenyewe iliyompeleka. Mchangiaji wa mbio za hisani hanunui mbio, ananunua mkasa, na mikasa haijapata kiwanda cha uhakika kama kuchanganya safari, marafiki na umbali usiouweza.

Tuanze na hesabu. London Marathon ilikimbiwa mara ya kwanza tarehe 29 Machi 1981, na wa kwanza kufika walikuwa wawili, Mmarekani Dick Beardsley na Mnorwe Inge Simonsen, walioamua kuvuka mstari wameshikana mikono. Tangu siku hiyo wengi wanaoshikana mikono pale mwishoni hufanya hivyo ili wasianguke. Mwaka 2025 watu 56,640 walimaliza, na michango iliyopatikana ilizidi pauni milioni 80. Nafasi ni za kugombania: kwa mbio za 2026, waliojitosa kwenye bahati nasibu ya kupata namba walizidi milioni moja. Kwa hiyo mtu wa Mwanza au Mombasa anayetaka kuingia, mlango wake wa karibu ni shirika la hisani. Shirika linakupa namba, nawe unaahidi kuliletea kiasi fulani, mara nyingi pauni 2,000 hivi, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 6 za Tanzania. Hujafunga hata kamba za raba, tayari unadaiwa. Hapo ndipo kundi la WhatsApp linapofunguliwa, mtu anateuliwa mweka hazina bila kuulizwa, na orodha inaanza kuzunguka: namba moja, elfu hamsini, kalipa, namba mbili, laki, ahadi, namba tatu, ahadi, namba nne, "nitakucheki mwisho wa mwezi".

Kwa michango sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu. Tuna kamati za harusi zenye mwenyekiti na katibu, tuna sendofu, kipaimara, arobaini. Jirani zetu Wakenya waliifanya harambee kuwa neno la taifa. Lakini katika shughuli nyingi za aina hiyo mchangiaji hukaa kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa akala. Aliyetoa laki kwa harusi anarudishiwa sehemu ya fedha yake kwa njia ya pilau, soda mbili na nafasi ya kusema kwamba nyama haikuiva. Mkimbiaji wa hisani hana pilau. Hana ukumbi, hana MC, wala bibi harusi wa kutazamwa anavyoingia. Na mbio zenyewe ziko mbali, kwa hiyo hata kuja kushangilia haiwezekani. Ana bidhaa moja tu ya kuuza, nayo ni yeye mwenyewe akiwa taabani.

Jambo hili limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 2013 Christopher Olivola na Eldar Shafir walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huwa tayari kutoa zaidi kwa hisani wanapotarajia kuumia na kutaabika kuliko wanapotarajia kustarehe. Mchango unaoambatana na kukimbia maili tano uliwekwa sambamba na mchango unaoambatana na pikiniki, na pikiniki ikashindwa, chakula chake na kivuli chake chote. Watafiti waliliita jambo hilo kwa jina linalowakumbuka mashahidi, wale wanaofia imani yao. Nakiri kwamba utafiti ule ulimhusu zaidi mtu anayetoa na kuumia yeye mwenyewe. Mimi nauvuta kidogo umfikie na shemeji aliyelala kwenye kochi, anayetazama picha ya ndugu yake analia kwenye kilomita ya 33. Naona kamba haikatiki. Asiyeamini afanye jaribio lake. Aandike kwenye kundi la familia: "Nitakimbia, nimefanya mazoezi miezi sita, daktari kasema niko vizuri sana." Atapata vidole gumba kumi na vinne. Kisha aandike: "Nitakimbia, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa kulikimbilia daladala, nikalikosa." Shangazi wa Morogoro atauliza namba ya kutumia pesa.

Historia ya mbio zenyewe ilishalisema hili zamani. Hata umbali wake ni zao la adabu za kifalme: kwenye Olimpiki ya London ya 1908 mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor, zikapangwa ziishie mbele ya jukwaa la familia ya kifalme uwanjani, na vipande hivyo ndivyo vilivyotuachia desturi ya 42.195. Zile mita za mwisho ambazo watu huzilaani kwa lugha zote ziliwekwa ili mtu aliyeketi aone vizuri. Siku hiyo, tarehe 24 Julai, Mwitaliano Dorando Pietri, mpishi wa keki kutoka Carpi, aliingia uwanjani wa kwanza, akageukia upande usio sahihi, akaanguka, akainuka, akaanguka tena na tena, mpaka wasimamizi wakamsaidia kufika. Kwa kosa la kusaidiwa alinyang'anywa ushindi, medali ikaenda kwa Mmarekani Johnny Hayes. Sasa tuulize nani alichangiwa. Malkia Alexandra alimpa Pietri kikombe, na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, aliyekuwapo uwanjani, akaunga mkono mchango wa gazetini uliopata zaidi ya pauni 300, fedha za maana wakati ule. Hayes, aliyemaliza kwa miguu yake mwenyewe bila kumsumbua mtu, alipewa dhahabu yake na hakuna aliyempitishia kofia.

Nasi tunaye wetu. Muulize Mtanzania wa makamo akutajie mkimbiaji wa marathoni ya Mexico City mwaka 1968. Hatamtaja Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyeshinda. Atamtaja John Stephen Akhwari, wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, aliyeanguka njiani akaumia goti, akaingia uwanjani na bandeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wakati wengi wa watazamaji wameshakwenda zao. Simtaji kwa dhihaka. Akhwari hakuwa akiigiza, na mwenye kutafuta kicheko pale atafute kwingine. Namtaja kwa sababu anathibitisha jinsi kumbukumbu ya watu inavyofanya kazi. Inapita kwa aliyefika salama kama basi la moja kwa moja linavyopita kituo kidogo, ikaenda kusimama kwa anayejikokota.

Waingereza, wafanyabiashara tangu zamani, walilielewa hilo wakalitengenezea mavazi. Mwaka 2002 Lloyd Scott, aliyewahi kuugua saratani ya damu, aliikamilisha London Marathon ndani ya suti ya kale ya mzamia bahari yenye uzito wa karibu kilo 60, kwa muda wa siku tano na saa kadhaa. Siku tano: kuna maharusi wanaochumbiana na kuachana ndani ya muda huo. Mwaka 2019 mkimbiaji aliyevaa mnara wa Big Ben alifika mwisho chini ya saa nne, muda ambao wengi tungeuchonga kwenye kaburi, akakwama. Mnara ulikuwa mrefu kuliko lango la kumalizia, na ikabidi msimamizi amsaidie kuupenyeza huku yeye akiinama na kujisogeza kiubavu kama mtu anayeingiza kabati kwenye nyumba ya kupanga. Picha hizo zilizunguka dunia. Halafu wapo vifaru. Tangu miaka ya 1990 watu hukimbia London ndani ya kifaru cha kubuni chenye uzito wa kilo 10 hivi ili kuchangia vifaru wa kweli, na kwa mtu wa Afrika Mashariki jambo hili lina mzunguko mtamu, kwa sababu kifaru wa kweli yuko kwetu, na wapo wageni wanaosafiri kinyume chetu kuja kumkimbilia.

Wanakwenda Lewa, kaskazini ya Mlima Kenya. Hifadhi hiyo ilianza kama makimbilio ya vifaru mwaka 1983, na tangu 2000 kila mwezi wa Juni kuna mbio za kuchangia uhifadhi na jamii zinazoizunguka. Njia inapita katikati ya mbuga, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuna askari wa wanyamapori ardhini na helikopta angani kuangalia simba na tembo wasijiandikishe dakika za mwisho. Mgeni anatoka Ulaya, analipa nauli, analipa hoteli, anawachangisha wenzake ofisini, kisha anakwenda kutweta kwenye vumbi mahali ambapo mwenyeji mwenye akili zake hupita akiwa ndani ya Land Cruiser, vioo vimefungwa. Angewaambia wenzake kwamba atazunguka bustani ya mtaani kwao mara saba, angepata nini? Simba hakumgusa, wala hakumwona, lakini simba ndiye aliyechangisha. Hapo ndipo swali la yule mama linapojibiwa. Barabara za nyumbani zipo, ila hazina simba. Na London, kwa mtu wa kwetu, ina simba wake.

Simba wa kwanza ni sifa. Mgeni ni kuku mweupe, na hakuna kuku mweupe kama mtu wa Afrika Mashariki aliyesimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Ulaya. Eliud Kipchoge aliishinda London mara nne. Mary Keitany mara tatu. Sisi wa Tanzania tulikuwa na nafuu fulani, tunajificha nyuma ya Wakenya, mpaka Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia Tokyo kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye mstari, wote wakiandikiwa 2:09:48, picha ikaamua. Tulishangilia mpaka koo zikakauka, na hakuna aliyewaza kwamba kuanzia siku hiyo kila mhasibu wa Kitanzania mwenye kitambi akionekana na raba uwanja wa ndege ataombwa ushauri wa mazoezi. Mzungu hana muda wa jiografia. Hajui kwamba Iten, wanakotengenezewa mapafu mabingwa, iko kama mita 2,400 juu, na kwamba mtu wa Tanga amelelewa mita chache tu kutoka maji ya bahari, katika mji ambao mtu mzima akionekana anakimbia barabarani watu huuliza nani kafariki, au hugeuka kumtafuta anayemfukuza. Kwa hiyo anampisha. Watu wema kabisa, wenye saa za kisasa mikononi na miguu ya chuma, wanasogea pembeni wakiona neno Tanzania kwenye fulana, na yule mhasibu, kwa heshima ya bendera, analazimika kukimbia mita 400 za kwanza kwa kasi ya Simbu. Kilomita 41 na ushee zinazobaki anazilipia kwa riba.

Simba wa pili ni safari yenyewe. Wakimbiaji wana sheria moja wanayoiheshimu kuliko zote: siku ya mbio usijaribu kitu kipya. Soksi zile zile, uji ule ule, saa ile ile ya kwenda chooni. Msafiri ameivunja sheria hiyo kabla ndege haijatua. Kitanda kipya, maji mapya, baridi mpya, mkate mpya usio na ladha ya kueleweka. Kuna na suala la saa. Mwishoni mwa Aprili London iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo mwili unaamka saa tisa usiku ukidai chai. Lakini hiyo ni taabu ndogo. Taabu kubwa ni binamu mwenyeji, aliyezaliwa huko huko, anayeambiwa kwa Kiswahili safi kwamba mbio ni saa nne, akaelewa saa kumi jioni, akaweka kengele ya simu kwa mujibu wake. Tuseme wamefika, basi, kwa treni ya mwisho inayowezekana. Greenwich, mbio zinakoanzia, asubuhi huweza kuwa chini ya nyuzi 10, na desturi ni kuvaa nguo kuukuu juu ya jezi kisha kuitupa kabla ya kuanza. Nguo hizo hukusanywa kwa ajili ya hisani. Tazama sweta la kijivu, lenye kifungo kimoja tofauti, lililonunuliwa mnadani Karume kwa elfu saba. Lilitoka Ulaya ndani ya belo, limekaa Dar miaka miwili halina kazi maana joto haliruhusu, sasa limerudi kwao kwa ndege na linavuliwa kwenye nyasi. Mwenyewe analitazama mara mbili. Huenda mwaka kesho watakutana tena Karume, bei imepanda.

Foleni ya choo nitaipita haraka, kama kila mtu anavyotamani. Mafuta ya mgando siwezi kuyapita. Ngozi inayosuguana na nguo kwa saa tano huchubuka mahali ambapo watu wa heshima hawapataji, na kwa hiyo watu wa huduma ya kwanza husimama kandokando ya njia, mikono imevikwa glovu, wakiwagawia wapitao mafuta hayo kwa bonge. Mgeni amechoka, macho yana jasho, tangu asubuhi kila anayemnyooshea mkono amempa kitu cha kula: peremende, kipande cha chungwa, jeli ya nguvu. Anachota. Anaweka mdomoni. Sekunde tatu zinazofuata hazina tafsiri kwa lugha yoyote, lakini zikisimuliwa vizuri kwenye kundi la WhatsApp zinaweza kuwa na thamani ya laki mbili.

Mpaka hapo mtu angeweza kusafiri peke yake akapata mikasa ya kutosha. Marafiki ni wa nini? Wana kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia busara. Mtu akiwa peke yake, wiki mbili kabla ya safari, goti likigoma, anaahirisha na hakuna anayejua. Wakiwa wanne kila mmoja anangoja mwenzake aahirishe kwanza, hakuna anayethubutu, na wote wanapanda ndege. Kifo cha wengi harusi, wahenga walisema, na sijui kama walikuwa wameona foleni ya kupokea namba za kifuani, lakini sura zinafanana. Kazi ya pili ni ushahidi. Mkasa usio na shahidi hauchangishi kitu. Aliyeanguka peke yake ameanguka tu, ila aliyeanguka mbele ya marafiki watatu ameanguka katika matoleo matatu, kila moja na urefu wake. Kundi la namna hii huwa na watu wanaojulikana. Kuna mwenye mazoezi, anayesema "kasi" kila dakika. Kuna mweka hazina. Kuna mpangaji wa safari, ambaye kila kosa kwake ni la programu ya ramani. Na kuna yule asiyejiandaa hata kidogo, aliyekuja kwa sababu viza ilitoka. Wote wanaapa wataanza pamoja na kumaliza pamoja. Kiapo hicho hudumu mpaka meli ya Cutty Sark, kama kilomita ya kumi, hapo mwenye mazoezi anaposema anakwenda "kuangalia mbele" na asionekane tena mpaka jioni.

Tena marafiki huchochea watoaji kwa njia isiyo na utukufu sana. Nichola Raihani na Sarah Smith waliwahi kuchunguza kurasa za wachangishaji wa London Marathon ya 2014, wakaona kwamba mwanamume akikuta mwanamume mwenzake ametoa kiasi kikubwa kwa mkimbiaji mwanamke mwenye mvuto, naye hupandisha dau. Watafiti walihitaji takwimu. Mweka hazina wetu anahitaji tu kuirudisha orodha kundini saa mbili usiku, wakati kila mtu ana simu mkononi, jina la injinia mmoja likiwa juu na laki tatu zake. Wanaume watatu waliokuwa "mwisho wa mwezi" wanakumbuka ghafla kwamba mwisho wa mwezi ulishafika.

Wapo watakaoniuliza, na wana haki: kwa nini msichukue hizo nauli nne mkazipeleke hospitali moja kwa moja? Ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya biashara hii. Kwa hesabu ya karatasi wameshinda. Lakini hesabu hiyo inadhani nauli ilikuwa imesimama mahali fulani ikisubiri kuchagua kati ya ndege na wodi. Haikuwa hivyo. Ilikuwa inakwenda kwenye bati, kwenye televisheni kubwa zaidi, au Dubai. Na hata kama ingekwenda hospitali, ingekwenda yenyewe tu, bila kuvuta mifuko ya watu mia na ishirini ambao hakuna daktari angewafikia. Mwaka 1988 watu 38 walikimbia New York City Marathon kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya damu wakachangisha dola 322,000, yaani zaidi ya dola 8,000 kwa kila jozi ya miguu. Sidhani kama watu hao hao wangezitoa mifukoni mwao wakiwa wamekaa. Hata hivyo hoja ile ina jino moja ambalo siling'oi. Iko mipango ambayo nauli na hoteli ya mkimbiaji hutoka kwenye michango yenyewe. Hapo nahama upande. Mtu akichangiwa kwa ajili ya mgonjwa kisha akala kifungua kinywa cha hoteli kwa fedha hiyo, huyo ni mla rambirambi mwenye raba. Nauli ujilipie, ndipo uwe na haki ya kuchechemea hadharani.

Wengine watasema nasifia maumivu, na maumivu yana mpaka. Kweli yana mpaka, na mara nyingi anayeuvusha ni rafiki mwenye huruma. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi kwenye damu, na dalili kubwa ilikuwa kuongezeka uzito njiani: walikuwa wamekunywa kupita kiasi. Hao si wavivu wa kunywa, ni watiifu. Mwendo wa polepole ni hatari zaidi hapo, kwa sababu anayetembea ana muda wa kusimama kila meza ya maji, na ana mwenzake pembeni anayemwambia "kunywa, kunywa, utaishiwa maji," kwa sauti ile ile ya mama anayemlisha mgonjwa. Upungufu huo huweza kuua. Kwa hiyo nasema nasifia malengelenge, kucha nyeusi na mnara uliokwama mlangoni. Kichwa kikiuma, akili ikivurugika na vidole vikivimba, mkasa umekwisha na daktari aitwe. Hakuna ahadi yenye thamani hiyo, hata ya injinia.

Anabaki mwenye mazoezi. Yeye ndiye pingamizi linalotembea dhidi ya kila nilichosema: alijiandaa, alilala mapema, hakulamba kitu asichokijua, akamaliza vizuri na picha nzuri. Je, hakuchangisha? Alichangisha, kwa wiki ya kwanza, pale alipotangaza safari na watu wakaamini ataumia. Alipotuma muda wake wa kumalizia, michango ilisimama, kwa sababu habari njema haina cha kuongezewa. Lakini maumbile yana haki yake. Misuli ya mapaja iliyokimbia kilomita 42 hukaza zaidi siku moja au mbili baadaye, na haibagui aliyejiandaa. Kinachoiua kabisa ni kushuka ngazi, na ndege ya kurudi nyumbani ni Jumanne, siku ya pili baada ya mbio. Basi watazame kwenye ngazi za uwanja wa ndege, wanashuka kinyumenyume, mikono kwenye vyuma, medali zinagonga tumboni, mwenye mazoezi yuko mbele akitoa mlio kama bawaba ya mlango wa stoo, na wasafiri wenye mabegi wamepanga foleni nyuma kwa adabu. Yule asiyejiandaa, aliyeachia kilomita ya 25 akapanda treni, ndiye pekee mwenye miguu, kwa hiyo amesimama chini na simu anapiga video. Inaingia kundini kabla mkanda wa mizigo haujaanza kuzunguka. Mweka hazina anasikia simu ikitetemeka mfukoni, anaitoa kwa shida: namba 11, aliyekuwa ahadi tangu Februari, ametuma laki moja, na chini yake ameandika, "Shemeji, hebu shukeni tena, mama hakuona vizuri."